Chimala: Nilivyobeba jeshi kwenye boksi la viatu

WATU wakienda kijijini hubeba zawadi. Mwingine sukari, mwingine kanga za bibi, mwingine redio. Mimi kubeba mchele siwezi, maana ni mtu wa Chimala, na kupeleka mchele Chimala ni sawa na kupeleka ndizi Tukuyu. Kwa hiyo mwezi Juni nilipopata nauli nikabeba kitu ambacho ukoo wetu haujawahi kuletewa tangu dunia iumbwe. Nilibeba jeshi.

Usikimbilie polisi. Jeshi lenyewe lilikuwa ndani ya boksi la viatu: wanaume 48 wa madini ya risasi, urefu wa kila mmoja haufiki sentimita tatu, mkuki mkononi, ngao ubavuni. Nimewapaka rangi mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kwa miezi minne, chumbani kwangu Tandika. Umeme ukikatika nawasha mshumaa naendelea.

Najua unachosema hapo ulipo. "Jitu zima na midoli!" Washkaji wa kijiweni walisema hivyo hivyo. Mama mwenye nyumba yeye alikwenda mbali zaidi. Siku alipochungulia dirishani akaona wamejipanga juu ya stuli, hakuniambia neno, ila kesho yake nilikuta mlango umemwagiwa maji ya chumvi.

Basi kaa kitako nikueleze.

Ilivyoanza

Kuna mzungu mmoja alikuwa anamaliza mkataba wake hapa Dar, anauza vitu vya ndani aondoke. Rafiki yangu alikwenda kuangalia friji, mimi nikamsindikiza. Friji likatushinda bei. Wakati tunatoka nikaona kiboksi kizito kama betri ya gari. Nikafungua: askari wa Kirumi na maadui zao, hawajapakwa rangi hata tone, na kijitabu cha kanuni juu yake. Nikampa shilingi 15,000, akacheka, akanipa na brashi mbili za bure.

Kumbe bwana, wenzetu huko Ulaya na Marekani wamelivalia njuga. Watu wazima, madaktari, walimu, madereva wa treni, jioni wanakutana ukumbini, wanatandaza meza, wanapanga majeshi ya Warumi, Wagiriki, Wamongolia, Wanubi, wanapigana kwa dadu na futi kamba. Jeshi la Prussia, yaani Wajerumani hao hao, lilianza mchezo wa namna hiyo kwa kufundishia maofisa wake mwaka 1824, na aliyeuleta ni luteni mmoja akiitwa von Reisswitz. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akaandika kitabu cha kuchezea askari wa madini sakafuni. Mwaka 1965 Waingereza wakaunda chama cha wapenzi wa majeshi ya kale tu, kinaitwa Society of Ancients.

Kijitabu changu kilikuwa cha kanuni zinazoitwa De Bellis Antiquitatis, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 1990, kazi ya Phil Barker na wenzake. Zinahusu vita vya tangu miaka 3000 kabla ya Kristo hadi karibu mwaka 1500. Ni fupi. Kila upande una vikosi 12. Askari wanne hivi unawabandika kwenye kipande kimoja, hicho ni kikosi. Unarusha dadu: ikitoka tatu, unaruhusiwa misogeo mitatu tu, kila mmoja wa kikosi kimoja au kundi la vikosi vilivyoshikana, vingine vinakaa vinakodoa macho. Vikosi vikikutana, kila mtu anarusha dadu anajumlisha nguvu za kikosi chake. Aliyezidiwa anarudi nyuma. Aliyezidiwa mara mbili anaondolewa mezani. Ukipoteza vinne, kwisha habari yako.

Na sisi usidhani hatumo. Bao tunalocheza chini ya mwembe ni vita: kete 64, mashimo 32, nyumba ya kulinda, unateka kete za mwenzako zinakuwa zako. Sataranji ilitoka India na watembea kwa miguu, tembo na farasi wake, ikapitia Uajemi. Hata drafti ya vizibo vya soda na bia pale stendi ni majeshi mawili hayo. Tofauti ni kwamba sisi hatukuwapa sura.

Wahehe wa dawa ya viatu

Mimi nikaamua Warumi wangu wabadili uraia. Nikachukua tupa nikawanyoa yale manyoya ya kofia ya chuma, nikaparua na makunjo ya nguo za kivita. Mkuki ni mkuki popote duniani. Ngao nikakata mpya kutoka kwenye kopo la maziwa, nikazipinda kidogo ziwe ndefu.

Rangi ina taratibu zake. Kwanza unamsafisha na sabuni, kama mtoto anayekwenda kliniki. Pili unampaka rangi moja mwili mzima, nyeusi au kijivu, ishike. Tatu unaweka rangi zenyewe: ngozi, nguo, ngao. Nne ndiyo yenye siri. Unachukua rangi nyeusi nyembamba kama chai ya mkandaa, inateremka kwenye mikunjo yote, uso unapata macho, mkono unapata vidole. Mimi sina hizo rangi za madukani kwao, nilitumia dawa ya viatu nyeusi niliyoilegeza kwa tapentaini. Tano, unafuta brashi hadi ikaribie kukauka, unapitisha rangi ya mwanga juu juu, kwenye mabega na pua. Hapo mtu anazaliwa, ndugu yangu. Nyekundu ya ngao ilikuwa rangi ya kucha ya binti wa chumba cha pili. Vikosi nilivibandika kwenye soli za kandambili zilizochakaa.

Onyo moja: risasi ni sumu. Nawa mikono kabla ya kushika ugali, na brashi usiitie mdomoni. Watoto wadogo wasiwatafune.

Nikapata vikosi 12 kwa jumla. Sita vya ngao nyekundu, sita vya ngao nyeupe. Nyekundu Wahehe, nyeupe Wasangu. Kwa nini hao? Kwa sababu babu yangu ni Msangu, na mume wa dada yangu ni Mhehe wa Kalenga, na hao watu wawili walikuwa hawasemeshani.

Vurugu za Kitonga

Basi ya alfajiri ikatutoa Dar. Mikumi tukaangalia twiga, Ruaha Mbuyuni watu wakanunua vitunguu, tukaanza kupanda Kitonga. Wewe unaijua Kitonga. Dereva alipokata kona moja boksi likateleza kutoka mapajani, likafunguka, jeshi likatapakaa chini ya viti.

Mama aliyekaa pembeni yangu akaokota mmoja kutoka kwenye kiatu chake. Akamtazama. Akapiga yowe.

"Uchawi! Kuna mtu anasafirisha misukule!"

Msomaji, nilichoka mwenyewe. Konda akaja, mlokole wa kiti cha nyuma akaanza kukemea, watoto wao wanachekelea wanaokota. Nikaeleza, hakuna aliyesikia. Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa koti refu. Akamweka askari kiganjani, akavaa miwani.

"Huyu ana ngao," akasema. "Huyu ni wa Mkwawa."

Basi lote kimya. Nikasema ndiyo mzee, ni wa Mkwawa. Hapo hapo kila mtu akataka kushika. Kuanzia Ilula, penye nyanya, hadi Lugalo, mzee akatoa somo la bure. Tulipokaribia Lugalo akanyoosha kidole upande wa mnara wa kumbukumbu. Tarehe 17 Agosti 1891 ndipo Wahehe walipolivamia jeshi la Wajerumani likiwa njiani, limejipanga mstari mrefu. Kamanda wao, Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo, akauawa hapo pamoja na Wajerumani wengine na askari wengi wa Kiafrika waliowaongoza. Bunduki na mizinga vikachukuliwa na watu wa mikuki.

Nikawaza: jeshi lililokuwa linafundisha maofisa kwa kucheza vita mezani toka 1824, limekuja kuangukia hapa porini. Meza ya kwao haikuwa na Mhehe juu yake.

Wajerumani walirudi mwaka 1894 wakaivunja ngome ya Kalenga kwa mizinga. Mkwawa akapigana vita vya porini hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi asikamatwe. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani, likadaiwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudi tarehe 19 Juni 1954. Liko Kalenga, kilomita chache kutoka Iringa mjini, unaweza kwenda kuliona.

Tulipofika Ipogoro, chini ya mji wa Iringa, mzee akashuka. Nikahesabu jeshi. Walikuwa 47. Mmoja wa ngao nyeupe hakuonekana, na mpaka leo sijui yuko mfukoni mwa nani.

Chimala yenyewe

Baada ya Mafinga na misitu ya Sao Hill, baada ya baridi ya Makambako, barabara inateremka, hewa inapata joto, unaona uwanda mpana kushoto na kulia. Igawa, kisha Chimala. Ukitokea Mbeya ni mwendo wa saa moja na ushei.

Mgeni akipita na basi anaona stendi, maduka, wauza karanga wanakimbilia madirisha, basi. Lakini shuka. Upande wa kusini kuna ukuta wa milima umesimama wima kama umewekwa na fundi. Juu yake ni Matamba, na mbele zaidi Kitulo, ile inayoitwa bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake, hifadhi ya taifa tangu 2005. Barabara ya kupanda huko ina kona 57. Wenyeji wanaringia hizo kona kama vile wamezichonga wao. Upande wa kaskazini ni uwanda wa Usangu: majaruba ya mpunga, mifereji, kokwa, ng'ombe, na reli ya TAZARA iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975.

Kila kitu pale ni maji. Mito inatoka mlimani, inaingia majarubani, yanayobaki yanakwenda Ruaha Mkuu. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi huko chini hifadhini, viboko wanabanana kwenye madimbwi, na watu wanarushiana lawama: wakulima, wafugaji, mashamba makubwa. Mwenye maji Usangu ana chakula. Asiyekuwa nayo ana maneno.

Na maneno yalikuwa nyumbani kwetu.

Babu yangu ana jaruba juu kidogo ya mfereji, shemeji yangu analo chini yake. Kiangazi cha mwaka juzi maji yalipungua. Usiku mmoja mtu alifungua kizuizi, maji yakapita yote kwa shemeji, mpunga wa Babu ukabaki umesimama kwenye udongo uliopasuka. Shemeji aliapa si yeye. Babu akasema Mhehe ni Mhehe. Tangu siku hiyo mkwe akipita mbele ya nyumba Babu anageuza kiti. Dada yangu ndiye aliyekuwa anaumia. Akipika huku, huku nongwa. Akipika kule, kule nongwa.

Umeniletea nini?

Nilifika jua linazama. Babu alikuwa kwenye kiti chake cha ngozi, kanyoosha miguu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekonda. Dar hawali?"

"Wanakula, Babu."

"Umeniletea nini?"

Hapo, msomaji, nikasikia aibu inapanda toka miguuni. Babu huyu ndiye aliyeuza ng'ombe wawili nikamaliza kidato cha nne. Matokeo yalipotoka hakunigombeza. Alisema tu, "Basi ng'ombe wamekwenda shule, wewe ukawasindikiza." Miaka yote hiyo nikawa narudi mikono mitupu. Sasa nimerudi na boksi la viatu, Babu anadhani ni viatu.

Nikamfungulia. Akatazama muda mrefu. Akachukua mmoja, akamgeuza, akamnusa.

"Huyu ana harufu ya kiwi."

"Ndiyo Babu."

"Hawa weupe ni nani?"

"Ni sisi. Watu wa Merere."

"Na wekundu?"

"Wahehe."

Babu akacheka. Miaka miwili nilikuwa sijasikia kicheko hicho, hata kwa simu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nikatandaza mkeka uani. Milima nikaifanya kwa matofali, mto nikauweka kwa mkanda wa kanga ya buluu, mji wa Merere nikauzungushia ukuta wa vijiti. Watoto wa jirani wakajaa. Mmoja aliposikia kuna Msangu kapotea njiani, akachukua udongo wa jaruba, dakika tano hazikupita akaniletea askari wa udongo, mnene kuliko wenzake, mkuki wa mwiba wa mbuyuni. Jeshi likatimia 48. Dadu tukatoa kwenye ludo ya mpwa wangu. Kanuni halisi zinataka vikosi 12 kila upande, sisi tulikuwa na sita sita, kwa hiyo nikapunguza: anayepoteza vitatu kashindwa.

Nikamwambia dada amwite mumewe. "Mwambie Wahehe hawana kamanda."

Shemeji akaja, akasimama mlangoni kama mtu aliyefuata deni. Akamsalimia Babu. Babu akaitikia marahaba ya mbali, ya kutazama kuku. Lakini kiti hakukigeuza, maana angegeuza asingeona mkeka.

Vita juu ya mkeka

Wasangu ndio waliokuwa wakubwa wa nchi ile kwanza. Wahehe wenyewe, chini ya Munyigumba baba yake Mkwawa, walijifunza mengi ya vita kutoka kwa Wasangu, kisha wakawageuzia kibao. Mwaka 1877 Mwingereza Frederic Elton, aliyekuwa balozi wa nchi yake, alipita kwa Merere akakuta mji umezingirwa na Wahehe. Mwisho Merere akahama Usangu, akajenga ngome yake Utengule, upande wa Mbeya. Ukoo wake ulirudi Usangu miaka ya 1890, baada ya kuungana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa.

Hiyo ndiyo tuliyoicheza. Mimi Merere, shemeji Munyigumba.

Nilimweleza kanuni mara moja, akashika. Dadu ya kwanza ikampa sita. Vikosi vyote sita vikaruka mto kwa mpigo mmoja. Mimi nikapata moja. Kikosi kimoja kikasogea, vitano vikakaa wanachungulia ukutani.

"Sogeza watu wako!" Babu akafoka.

"Dadu hainiruhusu, Babu."

"Merere alikuwa hana dadu!"

Watoto wakacheka. Nikapigana, ndugu yangu. Mlangoni pa mji yule askari wa udongo na wenzake watatu walirudisha vikosi viwili vya Wahehe, Babu akapiga makofi. Kisha shemeji akazungusha vikosi viwili nyuma ya matofali. Nilipogutuka wako ubavuni. Dadu yangu mbili, yake sita. Kikosi chali. Cha pili chali. Cha tatu ni cha yule wa udongo, akaanguka mkuki ukakatika.

Shemeji hakushangilia. Alimtazama Babu kwa jicho la wizi.

"Ndivyo ilivyokuwa," Babu akasema. "Tulihama. Sasa mbona mmemaliza?"

"Vita vimekwisha, Babu. Nimeshindwa."

"Vimekwisha wapi? Ng'ombe wako wapi? Wanawake wako wapi? Watoto? Unadhani hawa watu walitoka Uhehe kuja kusukumana ngao? Walifuata ng'ombe na watu. Sisi tukienda kwao tunafuata hivyo hivyo. Na bunduki za Merere za kununua kwa pembe za tembo, mbona sizioni? Na waliobeba chakula? Jeshi lako halili, mjukuu wangu. Jeshi gani hilo?"

Nikakosa jibu. Kijitabu cha Waingereza hakina ukurasa wa mama anayesonga ugali.

Watoto hawakungoja kuambiwa. Wakakimbilia udongo. Nusu saa baadaye mkeka ulikuwa umejaa: ng'ombe wa pembe ndefu, wapagazi na mizigo kichwani, wanawake, na kitoto kimoja kidogo sana, ukubwa wa punje ya mahindi. Babu akainama kwenye kiti akakichukua kile kitoto. Akakitoa upande wa ngao nyekundu, akakivusha mto wa kanga, akakiweka nyuma ya ngao nyeupe.

"Huyu," akasema, "ni bibi yangu. Aliyemzaa baba."

Hakuna aliyecheka.

"Siku za mwisho za Mkwawa, Wasangu waliwasindikiza Wajerumani Uhehe. Wakarudi na ng'ombe, wakarudi na watu. Yeye alikuwa mtoto wa kufika kiunoni. Akalelewa hapa, akaolewa hapa. Baba alijua. Mimi aliniambia nikiwa mtu mzima, akaniambia nisiseme, maana watu wangetuita watoto wa mateka. Nami sikusema. Nimekaa nalo."

Akanyamaza. Kuku wakapita juu ya Utengule, hakuna aliyewafukuza.

Shemeji ndiye aliyevunja kimya, taratibu, na heshima zote.

"Kwa hiyo Babu, wewe ni mjomba wangu."

"Mimi?"

"Mtoto wa dada yetu aliyepotea. Kwetu wewe ni mpwa. Mimi ndiye mjomba. Ulipaswa kunisalimia wewe."

Nikashika kichwa. Nikajua hapa ndipo panapoharibika. Babu akamtazama, mdomo ukaanza kutetemeka, nikadhani ni hasira. Kumbe kicheko. Alicheka hadi akafuta macho na ncha ya shati, na sina uhakika machozi yote yalikuwa ya kicheko.

"Dada yako ampikie nani chakula mara mbili?" akaniambia. "Mwambie alete hapa, tule wote. Mjomba amekuja."

Ukitaka kwenda

Sikudanganyi kwamba mambo yote yamekwisha. Nani alifungua kizuizi usiku ule, hakuna aliyesema na hakuna aliyeuliza tena. Ila Jumatatu asubuhi niliwaona wawili hao wanakwenda mferejini, mmoja mbele na fimbo, mmoja nyuma na jembe. Waliporudi walikuwa wamekubaliana zamu: usiku wa huyu, mchana wa yule. Kiangazi kikifika ndipo tutajua kama ni mkataba au ni maneno ya Jumapili.

Wewe msomaji ukipata likizo, usiishie Bagamoyo kila mwaka. Panda basi la Mbeya, shuka Iringa, nenda Kalenga ukaone makumbusho ya Mkwawa. Siku ya pili endelea hadi Chimala. Kula wali wa mpunga wa pale pale, asubuhi panda zile kona 57 kwa gari, ukifika juu geuka nyuma utazame Usangu yote chini yako. Beba sweta, Juni huko juu si mchezo. Na ukikuta wazee wanacheza bao, usikimbilie kupiga picha. Kaa, uliza nani anamteka nani. Utaambiwa zaidi ya ulichouliza.

Na kama umeipenda hii shughuli ya majeshi madogo, huna haja ya kusubiri mzungu auze friji. Udongo wa mfinyanzi ni bure. Vizibo vipo. Dadu ni za ludo. Futi kamba muombe fundi cherehani. Mambo ya Lugalo, ya Merere, ya Wangoni, ya Mirambo, vyote vinangoja mkeka. Ila ukipanga jeshi lako, weka na wapishi.

Siku ya kuondoka nikachukua boksi langu nianze kuwapakia. Babu akaniuliza nawapeleka wapi.

"Dar, Babu."

"Wakafanye nini Dar? Waache. Mjomba anataka marudiano."

Nikawaacha wote 48, pamoja na yule wa udongo, mkuki wake umeshabadilishwa mwiba. Boksi Babu akalijaza mchele hadi kifuniko kikagoma, akalifunga kwa kamba ya katani.

Konda aliponiuliza nimebeba nini safari hii, nikamwambia mchele. Akacheka, akasema fungua tuone.